Mbuzi ya Nyumba ya Saba

Vijana wa ofisini waliponiaga mwezi uliopita walinipa saa ya mkononi inayohesabu hatua. Ukitembea inaandika, ukilala inaandika, na moyo ukienda mbio inakushauri upumzike. Walicheka waliponiona naigeuza kwanza na kutafuta skrubu mgongoni. Hawakujua kwamba niliishi na vidude vya namna hiyo kabla wao hawajazaliwa, na kwamba kuna kimoja kilichonifanya nisiifurahie zawadi yao, ingawa nilishukuru kama ipasavyo. Wameniomba niwaandikie jinsi nilivyoanza kazi. Wanaotafuta habari za vyeo na semina wataniwia radhi. Hizo ziko kwenye faili, na faili ziko kabatini.

Nilianza katika miaka ya themanini. Nilikuwa msichana wa Mambrui niliyemaliza kidato cha nne na kukaa nyumbani mwaka mzima nikimsaidia mama kushona kofia. Mtafiti mmoja kutoka ng'ambo, mwanamke mrefu ambaye sote tulimwita Daktari, alikuwa amepanga nyumba Malindi na alikuwa akitafuta msichana mwenye mwandiko mzuri anayeweza kupiga hodi jikoni kwa watu bila kutiliwa shaka. Mwandiko nilikuwa nao. Jikoni kwa watu ndiko nilikolelewa.

Utafiti wake ulihusu ujirani. Alitaka kujua majirani wanashirikiana kiasi gani, nani anapika na nani, nani anaazima kwa nani, na saa ngapi. Mwaka uliotangulia alikuwa amejaribu kuuliza watu kwa maswali, akagundua kwamba watu wa Mambrui wakiulizwa hujibu kwa adabu, na majibu ya adabu hayamfikishi mtafiti mbali. Kwa hiyo akaamua kuviuliza vyombo. Aliniambia hivyo siku ya kwanza, kwa Kiswahili chake cha kitabuni kilichopangika kuliko changu, nami nikadhani ni mzaha.

Siku hiyohiyo alinipeleka karakana kwa fundi Kahindi, Mgiriama aliyekuwa akitengeneza saa na redio karibu na soko la Malindi. Kahindi alikuwa mtu mfupi, mwenye miwani ya kukuzia iliyofungwa kichwani kwa mpira wa baiskeli, na hakupenda kuguswa meza yake. Juu ya meza ile niliona mbuzi ya kukunia nazi imelazwa kifudifudi, imepasuliwa tumbo. Mbuzi yenyewe ilikuwa ya kawaida: kigoda cha mbao cha kukalia, na mbele yake ulimi wa chuma wenye meno. Lakini chini ya kikalio Kahindi alikuwa amechonga shimo la ukubwa wa kipande cha sabuni, akatia humo mashine ya saa ya kengele aliyoirekebisha iende zaidi ya mwezi kwa ufunguo mmoja, akaizungushia pamba isisikike. Saa ile ilivuta utepe mwembamba wa karatasi. Mtu akikalia mbuzi, ubao ulibonyea kidogo na sindano ikatoboa utepe. Tundu moja, mtu mmoja kaketi. Ukiusoma utepe kwa rula ulijua siku gani na saa ngapi.

Nilivutiwa mno. Nisiseme uwongo leo, nilivutiwa kama mtoto. Kahindi alinifundisha kutumia bisibisi, kutia ufunguo saa bila kukata springi, na kubadilisha utepe kwa dakika tatu. Alinigonga vidole kila nilipokaza skrubu kupita kiasi. Nilipokwisha kujua akaivua miwani yake ile ya mpira, akanitazama.

"Hiki chajua mtu kaketi," aliniambia. "Kaketi kwa lipi, hakijui."

Niliitikia kama mtu anavyoitikia maneno ya fundi, nikayasahau kabla ya kufika stendi.

Zilitengenezwa mbuzi kumi na mbili, na kila moja iliandikwa nambari yake kwa chini. Zilikwenda kwenye nyumba kumi na mbili za mtaa wetu. Hapo ndipo penye dhambi yangu ya kwanza, na naiandika hapa kwa kuwa sijawahi kuiandika popote. Daktari aliamua watu wasiambiwe kilichomo ndani, kwa sababu mtu akijua anatazamwa hubadilika. Siku hizi mna fomu za ridhaa na kamati za maadili, nanyi mnazilalamikia kila Ijumaa. Zamani zile mimi ndiye niliyekuwa kamati. Nilipita nyumba hadi nyumba nikisema mbuzi hizi ni zawadi ya Daktari kwa mtaa uliompokea, na kwamba nitakuja kila wiki kuzitia mafuta na kuzikagua zisiliwe na dumuzi. Waliniamini. Nilikuwa binti yao, wangenishuku kwa lipi?

Nyumba ya saba ilikuwa ya Bi Time. Alikuwa mjane, rafiki wa mama tangu utoto wao, na ndiye aliyenisuka nywele siku yangu ya kwanza ya shule kwa sababu mama alikuwa mgonjwa. Mwanawe wa pekee alikuwa akifanya kazi ya chumvi Gongoni, akija kila mwisho wa wiki na kapu lake. Bi Time alipoiona mbuzi alipitisha kiganja juu ya ubao wake, akasema ile yake ya zamani inayumba, na kwamba mimi nimekuwa mtu mzima. Nilijisikia vizuri siku nzima.

Kazi ya kila wiki haikuwa na fahari kama mnavyodhania. Niliitoa mbuzi uani, nikampa mwenyewe mgongo, nikafungua kifuniko na kubadilisha utepe. Hewa ya chumvi ilikula waya. Tui lilidondoka na kuingia kwenye nyufa. Sisimizi ndio walionitesa zaidi ya wote. Waliufuata utamu wa nazi hadi ndani ya mashine, wakaganda kwenye magurudumu ya saa, nami nikawatoa mmoja mmoja kwa unyoya wa kuku. Nyumba kumi na moja zilikuwa na sisimizi. Nyumba ya saba haikuwa nao. Kila nilipoifungua mbuzi ya Bi Time niliikuta kavu, saa inakwenda, utepe umetobolewa vizuri, tundu moja kila alasiri bila kukosa. Daktari aliusifu utepe ule kuliko yote. Nami nikamwambia, kwa majivuno ya mtu wa kwao, kwamba Bi Time ni mwanamke msafi sana.

Hilo ndilo kosa ambalo Daktari asingeweza kulifanya, maana hakuijua nazi. Ni mimi niliyeijua. Nimekua nikiona machicha yaliyokamuliwa tui yakirushiwa kuku, vifuu vitupu vya nazi vikirundikana pembeni mwa jiko vikingoja kuwashiwa moto, mikono ya wanawake ikinukia tui hadi usiku. Ningesimama kidogo tu pale uani kwa Bi Time ningeona kwamba hakuna machicha, hakuna rundo la vifuu, na kwamba kuku wake wamekwisha. Lakini nilikuwa na nyumba kumi na mbili na bisibisi mfukoni. Kabla ya kazi hii nilikuwa nikiingia kwa Bi Time, nikiketi kwenye mkeka, nikimuuliza amepika nini. Baada ya kazi hii sikuuliza tena, kwa kuwa jibu nilikuwa naondoka nalo kwenye utepe.

Mwezi wa tano au wa sita, sikumbuki sawasawa, mbao za mbuzi zilianza kuvimba kwa mvua, ikabidi nizikague vizuri. Niliigeuza ya Bi Time kwenye mwanga. Ulimi wa chuma ulikuwa na kutu kutoka shina hadi karibu na ncha. Chuma kinachokuna nazi hakishiki kutu, hata Mambrui, kwa sababu mafuta hukilinda. Ncha za meno zilikuwa hazina kutu, lakini zilikuwa zimesagika butu, na nazi haisagi chuma. Chini ya ulimi, kwenye mchanga wa uani, palikuwa na vumbi la kahawia. Nikainua macho. Nyuma ya mtungi wa maji palikuwa na kifuu kimoja, kimoja tu, kilichokwanguliwa upande wa ndani hadi kuwa chembamba.

Nilielewa pale pale. Mwanawe wa Gongoni alikuwa hajaonekana kwa miezi, ilisemwa amehamia Mombasa na mke mpya, na sisi sote tulikuwa tumelichukulia hilo kuwa jambo la kusikitisha tukaendelea na mambo yetu. Bi Time alikuwa hana nazi, na mtu wa kwetu asiye na nazi hana wali, hana mchuzi, hana kitu cha kuitwa chakula. Lakini kila alasiri, wakati mtaa mzima unakuna, alikuwa akiketi juu ya mbuzi yangu na kukwangua kifuu kitupu, ili majirani waisikie sauti.

Kwa nini, mtauliza, na ninyi wa bara mtauliza mara mbili. Kwetu mtu akiletewa chakula, sahani ya watu hairudishwi tupu. Atatia japo ndimu, japo vitumbua viwili, japo konzi ya chumvi. Hakuna aliyeandika sheria hiyo na hakuna anayeivunja. Jirani akisikia jiko lako kimya ataleta sahani, na wewe itakubidi uirudishe na kitu. Bi Time hakuwa na cha kutia. Sauti ile ilikuwa ya kuzizuia sahani zisije.

Alikuwa amesimama mlangoni, ananitazama.

"Ina nini?" aliniuliza.

"Haina kitu, Bi Time."

"Basi iweke. Alasiri yaingia, nataka kukuna."

Nikaiweka. Nikatia utepe mpya, nikakaza kifuniko, nikaaga.

Nimeirudia alasiri ile mara nyingi kuliko siku nyingine yoyote ya kazi yangu. Ningemwambia mama jioni ile ile, mtaa ungelitengeneza jambo lile bila kelele, kama ulivyotengeneza mengine. Sikumwambia, na sababu yangu ni ya aibu. Niliogopa nitaulizwa nimejuaje. Ningejibu kwamba nimeona kutu, na hilo lingetosha kabisa, lakini mimi niliyekwisha kuudanganya mtaa mzima kuhusu mbuzi zile nilikuwa naogopa hata neno la kweli likipita karibu nazo. Nilijiambia namsitiri Bi Time. Niliyekuwa namsitiri ni mimi.

Nilifanya nililoliona rahisi. Nikampelekea sahani ya wali wa nazi na samaki wa kupaka, nimeifunika kwa kawa. Aliipokea, akaniombea dua. Baada ya siku mbili sahani ilirudi imesuguliwa, na ndimu nne juu yake kutoka kwenye mti wake. Nikapeleka ya pili. Ilirudi na ndimu mbili changa, ngumu kama mawe, zilizochumwa kabla ya siku zake. Nilipopeleka ya tatu alinikuta kizingitini.

"N'shapika, mwanangu," alisema. "Kwani hukunisikia nikikuna?"

Nilikuwa nimemsikia. Nikarudi nyumbani na sahani yangu, wali bado wa moto, na mama aliponiuliza nikasema Bi Time amekwisha kupika.

Wiki iliyofuata Daktari alinipeleka Watamu. Alikuwa ametengeneza benchi la kuweka mbele ya duka moja wanapokutana wavuvi na waongozaji watalii, lenye kidude kama vile vya mbuzi, apate kujua watu huzungumza saa ngapi. Nilikaa huko majuma mawili. Utepe wa benchi ulionyesha kwamba watu wa Watamu hupenda sana kukutana saa saba mchana, jua likiwa utosini. Tuliandika kurasa mbili juu ya jambo hilo kabla sijamkuta mbwa wa mwenye duka amelala pale, anashuka kunywa maji na kupanda tena. Daktari alicheka hadi machozi. Mimi pia nilicheka. Nilikuwa Watamu nacheka kwa ajili ya mbwa wakati Bi Time ana homa.

Niliporudi Mambrui nilikuta mikeka imetandikwa nje ya nyumba ya saba. Ilikuwa homa ya mapafu, walisema, na mwili haukuwa na nguvu ya kupigana nayo. Alikuwa amelala siku moja tu hivi, na alipochelewa kufungua mlango asubuhi ya pili ndipo walipoingia na kumkuta amekata roho. Alikuwa amezikwa jana yake. Sijui kama wali wangu wa wiki mbili ungemponya. Hakuna anayejua, na kutojua kwenyewe ndiko kunakonikalia hadi leo.

Nilipita nyuma, uani, kama binti wa nyumba. Wanawake walikuwa wakipika kwa ajili ya wafiwa. Mmoja wao alikuwa ameichukua mbuzi ya Bi Time, akaikalia, akavuta nazi mara mbili tatu juu ya ulimi, akasimama. Alisema, bila kumlenga mtu, kwamba hii haikuni, meno yameisha. Akaipitisha kwa mwenzake, na yule akaitazama ile kutu, akaipitisha kwa mwingine. Wote walikuwa wapishi, hawakuhitaji utepe. Kisha mmoja mmoja wakaenda majumbani kwao wakarudi na mbuzi zao, zikapangwa uani kwa Bi Time, kumi na moja, zote nilizozigawa mimi, na wanawake kumi na mmoja wakaketi, wakipokezana na wenzao kutwa, kukuna nazi katika nyumba ambayo haikuwa imeiona nazi kwa miezi.

Mama aliningoja mpaka tukawa peke yetu nyumbani.

"Ulijua?" aliniuliza.

Nikamwambia nilijua, tangu kabla ya Watamu. Nikamweleza yote, kidude, utepe, saa ya kengele, sahani tatu. Alikunja na kukunjua kofia aliyokuwa akiishona. Nilitaka anigombeze. Hakunigombeza.

"Ungempelekea kwenye jani," alisema. "Jani halirudishwi."

Niliposikia hivyo nililia, maana hata mtoto wa Mambrui angeliwaza hilo. Jani la mgomba liko kila ua. Ukimfungia mtu wali kwenye jani, anakula, analitupa, na hana deni la sahani kwa yeyote. Nilikuwa nimefundishwa kusoma tundu la sindano kwa rula, na sikuweza kuwaza jani.

Wiki iliyofuata nilikusanya tepe kumi na mbili na kuzipeleka Malindi. Daktari alizitandaza mezani na uso ukamng'aa. Kumi na moja kati yake zilikuwa na siku moja iliyojaa matundu hadi karatasi ikakaribia kukatika, zote kwa saa zilezile. Alisema huo ndio ujirani, tumeukamata kwenye karatasi. Kisha akauliza kwa nini wa saba ni tofauti. Utepe wa Bi Time ulikuwa na tundu moja kila alasiri, hadi alasiri ya mwisho kabla hajalala kitandani. Homa ile haikumpata siku moja, kwa hiyo aliketi na homa. Baada ya hapo nafasi tupu, kisha tundu moja la yule mwanamke aliyeketi na kusimama.

Nilimwambia Daktari kila kitu. Si mtu mbaya, na sitaki mmwone hivyo. Alivua miwani, akatoka nje, akakaa kwenye ngazi muda mrefu. Aliporudi aliniuliza kwa sauti ya chini tuiandikeje nyumba ya saba, kwa kuwa takwimu zake zilisema mwanamke alipika kila siku. Mimi ndiye niliyeshika kalamu. Niliandika kwa mwandiko ule ule mzuri ulionipatia kazi: nyumba ya saba imeondolewa, chombo kina hitilafu. Maneno hayo yamo kwenye ripoti hadi leo, chini ya ukurasa, kwa herufi ndogo. Chombo hakikuwa na hitilafu yoyote.

Daktari alipoondoka nchini alivitoa vidude, akawaachia wanawake mbuzi zao. Waliniuliza shimo lile chini ya kikalio ni la nini. Nikasema fundi alitaka kupunguza uzito. Nilipomsimulia Kahindi hayo, hakunikumbusha maneno yake. Aliichukua bisibisi niliyomrudishia, akaifuta, akanirudishia tena, akasema huenda nikaihitaji. Niliihitaji kwa karibu miaka arobaini, nikifunga vidude vya kuhesabu kwenye mabomba, kwenye milango ya zahanati, kwenye majiko, kwenye simu. Katika miaka yote hiyo sijachukua hesabu nyumbani kwa mtu kabla sijaketi na kuuliza mmepika nini, na wengi wenu mmeninung'unikia kwamba nachelewesha gari.

Mwezi huu nimeanza kupita kwenye zile nyumba kumi na moja. Wengi walioketi kwenye mbuzi zile wamekufa, naongea na mabinti na wakaza wana. Naigeuza mbuzi, naonyesha shimo, nasema lilikuwa la nini. Wengine wanacheka. Mmoja aliniuliza kama Bi Time alijua, nikasema sijui.

Mbuzi ya nyumba ya saba ninayo mimi. Nilimpa Kahindi aitie meno upya, na haina kutu. Nikikuna, na nakuna karibu kila alasiri, naanza kwa kukata jani mgombani. Napakua wali wa kwanza humo, nafunga, napita nao kwa jirani ambaye jiko lake sijalisikia, au ambaye nimelisikia mno, nauweka kizingitini na kuondoka kabla hajaanza kutafuta cha kunirudishia.